Alichokula Relebohile

Mampho alipoulizwa binti yake alikula nini akiwa na miaka kumi, alijibu bila kupepesa macho.

"Nyama. Maziwa. Na mayai kila asubuhi."

Nthabeleng, mtafiti wa kliniki, akaandika. Relebohile, binti mwenyewe, alimtupia mama yake jicho. Pale kwao Mafeteng msichana hapewi mayai, eti yatamkuza upesi. Mampho alijifanya hakuona. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mama gani atamwambia mgeni kwamba mwanawe alikua kwa ugali na mboga za porini?

"Na maswali haya ni ya nini, mwanangu?" aliuliza.

"Picha ya eksirei imeonyesha matiti ya dada yana nyama nyingi kuliko mafuta, mama. Si ugonjwa. Ila uvimbe ukiota humo hauonekani kirahisi, na hatari ya saratani huongezeka kidogo. Tunachunguza kama chakula cha utotoni kina mkono wake. Bado hatujui."

Mampho hakusikia hilo la mwisho. Alichosikia ni chakula cha utotoni tu. Mayai na maziwa yote yalikuwa ya Lehlohonolo, mwanawe wa kiume. Huyu wa kike aliambulia mboga, naye hakuwahi kulalamika. Sasa kifua chake ndicho kinasema.

"Futa," alisema. "Nimekudanganya. Yai hakuonja. Yalikuwa ya kaka yake. Akiugua, basi ni mimi niliyemponza."

"Mama, nimesema bado hatujui. Dada aje tu kupimwa kila akiitwa."

"Na hilo nalo ulifute," Relebohile alidakia. "Mayai nilikula."

"Uliyala wapi wewe?"

"Nyuma ya zizi. Mabichi. Kuku wako akitaga tu, mimi nipo."

Mampho akakumbuka. Mayai yale yalipopotea, alimshuku mbwa wake, Tau, akampiga mpaka akachoka, mwisho akamgawa kwa jirani.

"Na Tau?"

"Tau hakuwa na kosa, mama. Nilimwonea huruma, lakini njaa ilinishinda."

Neno njaa lilimchoma. Hata hivyo kicheko kikamponyoka, machozi nayo yakafuata. Mtoto aliyemnyima alijilisha mwenyewe, na kwa hilo alishukuru kuliko alivyoweza kusema.

"Andika mayai," alimwambia Nthabeleng.

"Mangapi kwa wiki, mama?"

Mampho akajifuta uso, akamgeukia binti yake. "Mjibu. Hata mimi nataka kujua."