Refa Aliyempisha Namba Tisa

Siku ile Projestus alikwenda uwanjani na filimbi mbili, moja ya kupuliza na moja ya akiba, maana hakutaka kufeli kwa sababu ya kitu kidogo. Alishakaguliwa mara mbili ili apandishwe kuchezesha ligi ya mkoa, na mara zote mbili fomu ilirudi imeandikwa "ajaribu tena". Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Mkaguzi wa marefa, Mzee Mwesiga, alikuwa amemwambia bila kuficha: "Ukifeli leo, kijana, baki na ufundi wako wa pikipiki."

Mechi yenyewe ilikuwa ya akina mama waliovuka miaka arobaini na mitano, Igurwa dhidi ya akina mama wa Sokoni, kwenye uwanja wa Ndama. Miaka ya nyuma siku ya mpira wanawake walibeba maji na ndizi za kuchoma, wakasimama pembeni kushangilia waume. Siku hizi mambo yamegeuka. Waume ndio walikuwa pembeni wakipuliza moto wa ndizi, wajukuu mgongoni, na hakuna aliyejua chumvi iko wapi.

Projestus alipuliza filimbi. Akatazama mbele. Akatamani ardhi ipasuke.

Pale katikati, mguu juu ya mpira, jezi namba tisa imevaliwa juu ya suruali ya michezo, kitenge kimefungwa kiunoni, alisimama mama mkwe wake, Eugenia. Hakuwemo kwenye orodha ya Igurwa. Aliyekuwemo alikuwa ameamka na kiuno kimekaza, na Eugenia akasema yeye ataziba pengo.

Wageni wa huku kwa Wahaya waelezwe kidogo. Mkwe mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Hawatazamani usoni, na wakitaka kuambiana jambo hutafuta mtu wa kati. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, Projestus aliifahamu sauti ya mama mkwe wake kupitia ukuta tu. Wazee waliopanga heshima hiyo waliifikiria njia, jiko na harusi. Uwanja wa mpira hawakuufikiria, kwa sababu enzi zao mwanamke akirusha mguu waliambizana hatazaa. Eugenia aliwahi kuchapwa utotoni kwa kupiga mpira wa majani makavu ya mgomba. Akazaa watoto tisa, na ndiyo maana alipogawiwa jezi aliikataa namba saba, akadai tisa.

Mchezo ukaanza. Eugenia alikuwa na mbio, msione umri. Akawapita mabeki wawili, akabaki na kipa. Projestus naye, kama kitabu cha sheria kinavyotaka, akasogea karibu na tukio. Eugenia akamwona. Hapo hapo akauacha mpira, akajifunika kitenge usoni, akakimbilia kibendera cha kona. Projestus naye akageuka akakimbilia upande wa pili. Mpira ukabaki peke yake mbele ya goli kama mtoto aliyesahauliwa mnadani.

"We Eugenia!" wenzake wakapiga kelele. "Umemwona nyoka?"

Nahodha wa Sokoni alikuwa Maua, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka Tanga. Desturi hiyo hakuijua, lakini mtu aliyepima vitambaa miaka thelathini ana jicho. Akatazama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akacheka mpaka akajishika hijabu.

"Jamani, yule mama anamkimbia refa! Basi msihangaike na beki. Mpira upelekeni alipo refa!"

Ikawa hivyo. Kila Projestus alipokwenda, Sokoni walimfuata na mpira, na Eugenia akawa mbali kama mgonjwa wa surua. Dakika ya ishirini na tano Sokoni wakafunga.

"Refa ni beki wao!" akalalamika mzee mmoja wa Igurwa, ndizi ikiungua mkononi mwake.

Mapumziko, Mzee Mwesiga akamwita. "Mbona unamkwepa namba tisa?"

"Shikamoo mzee. Ni... ni mama mkwe."

Mzee Mwesiga alikuwa Mhaya wa Muleba, hakuhitaji kutafsiriwa. "Pole. Lakini kitabu cha sheria nimekisoma chote, ukwe sijauona. Refa asiyemtazama mchezaji hajachezesha."

Kipindi cha pili Projestus akajaribu kutumia mtu wa kati. Mkewe, Jovitha, akawa anakimbia nje ya mstari.

"Jovitha! Mwambie mama ameotea!"

"Mama, anasema umeotea!"

"Mwambie sijaotea, yule beki amechelewa kutoka!"

"Anasema hajaotea!"

Watu walilala chini kwa kicheko. Mzee Mwesiga hakucheka. Aliandika.

Dakika ya mwisho, Igurwa wakapata kona. Mpira ukaja juu, Eugenia akaruka, Projestus akageuza uso kwa adabu. Aliposikia shangwe, mpira ulikuwa wavuni.

"Mkono!" akapaza sauti Maua. "Kaupiga kwa mkono huyo!"

Projestus akamtazama mshika kibendera, Egbert. Egbert alikuwa akimfunga mjukuu nepi.

Uwanja mzima ukamgeukia refa. Mzee Mwesiga akafunga kofia ya kalamu, akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika mbali: "Basi. Huyu hafai."

Eugenia aliyasikia. Alikuwa amebebwa juu na wenzake. Akawaambia wamshushe. Akakishusha kitenge begani, akatembea moja kwa moja hadi mbele ya Projestus, hatua moja tu baina yao.

"Mkwe," akasema, "nimeupiga kwa mkono. Huu hapa."

Projestus akainua macho. Akaona uso wa mama mkwe wake: ulikuwa uso wa Jovitha, umeongezewa mikunjo na jasho. Mkono wa kulia uliikaza filimbi, ukakataa kuiachia. Wa kushoto ukazama mfukoni, ukapanda na kadi ya njano.

"Goli hakuna," akasema. "Na kadi, mama."

"Ni haki yangu."

Wenzake wakamvamia. "Eugenia! Wewe ni mchezaji wetu au mkwe wake?"

"Vyote viwili, na vyote vinachosha."

Mechi ikaisha moja kwa bila. Mzee Mwesiga akakaa muda mrefu na fomu yake, akaichana, akaandika nyingine. Ya kufaulu ilikuwa maksi sabini. Akampa sabini na mbili, na chini akaandika: "Anafaa. Asipangiwe mechi yenye mkwe."

Projestus alikuwa bado anaisoma, Eugenia alipoita kutoka alikokaa na miguu ndani ya beseni.

"Jovitha, mwambie mumeo... aa, si yuko hapa hapa. Refa! Kadi sina neno nayo. Lakini mkono wa kushoto, mwanangu? Kwa mama yako?"

Mzee Mwesiga akamnyang'anya fomu, akafungua kalamu, akapunguza maksi moja.