Alama Mgongoni mwa Bibi Gittens

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Yolette Dorvilus aliweka vidole vyake juu ya kioo cha mashine, na mashine ikaandika kwamba hakuna mtu. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Ofisi yenyewe ipo Irvington, New Jersey, katikati ya duka la simu na saluni ya kucha, na karani wake ni Bwana Pruitt, mtu mpole sana, jambo ambalo halimsaidii yeyote.

"Mama, kwani unafanya kazi gani?" aliuliza Pruitt.

"Naogesha wazee majumbani kwao. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Ndiyo hiyo basi. Sabuni na dawa za kusugulia. Vidole vimefutika."

"Sasa?"

"Bila alama za vidole hatuwezi kukuchunguza. Usipochunguzwa, hustahili kufanya mtihani. Bila mtihani hupati cheti."

"Na bila cheti?"

"Huruhusiwi kuogesha wazee."

Kanuni ilikuwa ya mwaka ule: kila mhudumu, hata mkongwe, awe na cheti ifikapo tarehe thelathini. Mengine yote Yolette alikuwa ameyatimiza. Alipima kifua kikuu. Alikaa darasani saa sabini na tano akifundishwa kunawisha uso, na mwalimu, msichana aliyemaliza chuo juzi, akamwita pembeni kumuuliza mgonjwa hugeuzwaje kitandani bila kumuumiza. Zilibaki alama tu. Asipozipata, shirika lililomwajiri lingempeleka mhudumu mwingine kwa Bibi Ernestine Gittens, mwenye miaka tisini na mmoja. Wa mwisho kupelekwa alikaa siku mbili. Bibi hakula wala kunywa, akaishia hospitali. Shirika lilikwisha sema hayo yakijirudia atahamishiwa nyumba ya wazee.

Mchana ule Yolette alikuwa akimwogesha bibi mgongo alipoziona vizuri. Siku zote alidhani ni madoa ya uzee. Dole gumba lilikuwa begani, vinne vimejipanga kando ya uti wa mgongo, na visigino vimejaa mizunguko midogo mpaka hakuna nafasi.

"Bibi, alama zangu ziko mwilini mwako."

"Najua. Zinawasha mvua ikikaribia. Nilidhani umeziweka makusudi."

Alhamisi alimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi ofisini. Pruitt aliing'oa mashine mezani, akaipangusa na kuiegemeza kwenye bega la bibi. Ikalia mlio mmoja wa kuridhika.

"Safi kabisa," alisema Pruitt. "Sijaona safi hivi tangu Machi. Ila kanuni inasema zichukuliwe mwilini mwa mwombaji. Mwili huu wa nani?"

"Wangu," alisema Bibi Gittens.

"Basi mwombaji ni wewe."

"Bwana, hizo ni zangu mimi," alisema Yolette.

"Sikatai, mama. Lakini hukuja nazo wewe."

Bibi Gittens alimvuta mkono. "Twende, mwanangu. Nimeuza tiketi za treni nyuma ya kioo miaka thelathini na moja, watu hawa nawajua, nilikuwa mmoja wao. Huyu hata ukimletea kichwa chako kwenye sinia, atakudai risiti ya sinia."

Baada ya wiki barua ilifika. Ernestine Gittens hana rekodi ya uhalifu na anastahili kufanya mtihani. Zile saa sabini na tano zilikuwa zimehamia kwake, kwa kuwa faili hufuata vidole. Yolette alipiga simu mara sita. Mara tano aliwekewa muziki, na ya sita akaambiwa kwamba mwenye haki ya kulalamika ni mwombaji.

Kanuni humruhusu mtahiniwa kuja na mtu wa kulala kitandani badala ya mgonjwa. Akalala Yolette. Bibi Gittens, akiwa kitini mwake, alimnawisha mkono mmoja polepole, akamshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, kisha akamfunika shuka hadi kidevuni. Yolette akapitiwa na usingizi. Msimamizi alisubiri dakika arobaini, kwa sababu hakuna kanuni ya kumwamsha. Bibi Gittens alikatwa maksi mbili kwa kutofunga breki za kiti cha magurudumu. Mengine alipata yote.

Cheti kilikuja tarehe ishirini na nane. Sasa katika vitabu vya shirika Bibi Gittens ni mhudumu wa Bibi Gittens, na Yolette ni mgeni. Hundi ya mshahara hutoka kwa jina la bibi, naye humkabidhi Yolette bahasha bila kuifungua. Mgeni hana likizo, na akiumia kiuno ni juu yake.

Kila asubuhi saa moja shirika hupiga simu nyumbani kuhakikisha kwamba mhudumu ameripoti.

"Nimefika," hujibu Bibi Gittens kutoka kitandani.

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

Bibi humtazama Yolette, ambaye amekwisha badilisha mashuka, amepika sima ya bamia, na sasa anaingia na beseni la maji ya moto.

"Kachoka," husema. "Hajakaa chini tangu alfajiri."

"Mwambie apumzike," husema sauti ya shirika, na simu hukatwa. Yolette huweka beseni chini, hukunja mikono ya blauzi, na kumgeuza bibi taratibu upande wa ukutani.