Aya Mbili Zilizokatwa

Wanafunzi walimpa jina la Bi Mizani, na yeye alilijua, wala halikumuudhi. Kusema kweli lilimpendeza. Miaka kumi na minane alikuwa akifundisha lugha wanafunzi wakubwa wa sekondari, na kama kuna kitu alichokuwa tayari kukigombania mpaka mishipa ya shingo imtoke, ni usawa katika kuandika. "Ukitaka kumsema mtu," aliwaambia kila mwaka, "kwanza mtafutie jema lake moja. Ukilikosa, ujue hujatafuta vizuri."

Maneno mazuri hayo, nani atayakataa? Ubaya wa maneno mazuri ni kwamba anayeyasema huwa wa mwisho kuyasikia.

Alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, la muhula wa pili. Aligawa karatasi yenye maandishi mawili, yote yakiuhakiki mchezo mmoja wa video wa zamani uliojaa bastola na maiti, ulioitwa Mfalme wa Mtaa. La kwanza lilikuwa la mhakiki wa gazeti, mtu wa kazi hiyo. Alisifu picha na sauti, akalaumu hadithi iliyopwaya, akasema damu imezidi na watoto wakae mbali, mwisho akaupa alama saba kwa kumi. La pili lilikuwa barua ya msomaji wa gazeti hilohilo, na barua yenyewe ilikuwa moto. "Mchezo huu ni uchafu," ilianza. "Aliyeutengeneza hana mama, anayeucheza hana moyo, na anayemnunulia mtoto wake anafuga muuaji sebuleni." Ikaendelea hivyo hivyo mpaka nukta ya mwisho. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kulinganisha: lipi lina mizani, lipi limeegemea upande, na utajuaje?

Somo lilikuwa likienda kama maji ya mfereji. Kila mtu aliiona tofauti, kila mtu alipata alama.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Mizani hakumwambia mtu isipokuwa mwalimu wa hesabu, jirani yake wa meza, na hata yeye alimwambia kwa mzaha. Barua ile haikuwa hivyo ilipotoka gazetini. Ilikuwa na aya tano. Miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa akiichapa upya, aliona aya ya pili na ya nne zinamharibia somo. Ndani yake mwandishi alikuwa akisifia kidogo, akijieleza kidogo, na ukurasa ulikuwa umejaa. Akazikata. Jina la mwandishi akaliondoa pia, asije mtu akaaibika. Mwalimu wa hesabu alicheka siku ile: "Umeipunguza barua ya watu kama shati la mtumba!" Bi Mizani naye akacheka, wakanywa chai, yakaisha. Zile aya mbili hata yeye alizisahau.

Sasa, mwaka wa hadithi hii, darasani alikuwamo msichana waliyemwita Wakili. Alikuwa binti wa fundi saa mwenye kibanda karibu na posta, na jina lilimkaa barabara, maana alibishana na kila kiumbe, akiwamo mlinzi wa geti. Lakini kalamu yake, jamani! Aliandika huku anacheka, na wewe msomaji ukicheka, ndipo unagundua amekukata. Bi Mizani alimpenda waziwazi, jambo ambalo mwalimu mwenye mizani hapaswi kulifanya, lakini alilifanya.

Wakili aliishukia ile barua kama mwewe. "Mwandishi huyu," aliandika, "hana ushahidi, ana povu tu. Angekuwa sufuria ningemtoa jikoni. Hatuambii kama aliwahi hata kuugusa mchezo wenyewe. Mtu mwenye jazba namna hii apewe maji baridi kwanza, kalamu baadaye." Bi Mizani alimsimamisha asome mbele ya wenzake. Darasa lilivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani ajifute machozi, na chini ya karatasi akaandika ishirini juu ya ishirini kwa wino mwekundu, akaizungushia duara.

Pale shuleni ilikuwa desturi: karatasi iliyosahihishwa huenda nyumbani pamoja na maandishi ya somo, mzazi anaisoma, anasaini, na kama ana neno analiandika. Wengi husaini bila kusoma. Fundi saa alisoma. Karatasi ilirudi ikiwa na sahihi yake, na chini yake mwandiko mdogo ulionyooka: "Nimesoma yote. Binti anajua kuandika, namshukuru mwalimu. Naomba kuonana nawe ukipata nafasi. Si kwa ugomvi."

Alikuja Alhamisi, saa ya chai. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, na karibu na jicho la kulia alikuwa na alama ya duara iliyoachwa na kioo cha kukuzia. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa, rangi yake imeshageuka ya majani makavu, akakiweka mezani na kukinyoosha kwa kiganja.

"Ile barua ni yangu, mwalimu," alisema.

Bi Mizani aliweka kikombe chake chini. Alianza kusema samahani, fundi akamzuia kwa mkono.

"Sijaja kukudai," fundi aliendelea kwa upole. "Nilikasirika, niliandika, na aliyesema nina povu hakukosea. Ila nilishangaa. Nikasema, mbona mimi niliandika zaidi ya hapa? Isome yote, tafadhali."

Akaisoma. Aya ya pili ilisema: "Ili nisiseme nisichokijua, nilikaa na mpwa wangu jioni tatu nikaucheza mwenyewe. Siwezi kusema uongo, picha zake ni nzuri mno, unaona mpaka maji ya mvua yakitiririka barabarani. Mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuucheza asidhurike." Aya ya tatu aliijua kwa moyo: ile ya muuza duka kwenye mchezo anayepiga magoti kuomba, na mchezaji anayempiga risasi akiwa magotini hupata pointi mara mbili. Kisha ikaja ya nne.

"Sasa nipime na mimi, msomaji. Mdogo wangu aliuawa akifunga duka letu la saa. Alikuwa amepiga magoti, na funguo alishawapa. Mtoto wangu wa miaka minne alikaa mlangoni siku tisa akimsubiri baba yake mdogo amletee pipi za mnanaa. Kwa hiyo katika jambo hili mimi si mwamuzi mzuri, na ni haki yako ulijue hilo kabla hujanisikiliza."

Bi Mizani aliweka kipande kile chini. Miaka kumi na moja alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kwamba mwandishi mwaminifu huonyesha upande aliosimama. Huyu alikuwa ameonyesha. Alikuwa amesema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wasomaji wote wa gazeti, na mwalimu wa usawa akachukua mkasi akakikata hicho hasa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na siku ile Bi Mizani aliliona lake lote.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea wewe, na nimemkosea marehemu."

"Yamepita, mwalimu. Nina ombi moja tu. Binti yangu anajua baba yake mdogo alikufa kwa homa akiwa safarini. Ndivyo tulivyomwambia, alikuwa mdogo. Akimaliza shule nitamkalisha nimwambie mwenyewe, na ya barua nitamwambia siku hiyohiyo. Kwa sasa mwache na ishirini yake, amefurahi sana. Barua iweke pembeni, usiifundishe tena."

"Nakuahidi."

"Basi. Hicho kipande baki nacho, nyumbani ninacho kingine."

Sasa, angeishia hapo! Ungekuwa mwisho wa maneno: mtu amekosa, ameomba radhi, amesamehewa. Lakini dhamiri ni kama jino bovu, ulimi hauachi kuligusa. Bi Mizani hakulala vizuri wiki nzima. Aliwaona wanafunzi wake wa miaka yote hiyo kumi na moja, mamia, wote wametoka mlangoni kwake wakimcheka mtu aliyefiwa. Akaanza kujishawishi polepole. Alichoahidi, alijiambia, ni kumficha fundi, si kuificha haki. Kama jina halipo na duka halipo, nani atajua? Darasa linastahili kuona barua nzima. Na yeye, ingawa hilo hakulisema hata kimoyomoyo, alistahili kupumua.

Mwalimu wa hesabu alimwambia wazi: "Mwenye barua amesema iache. Iache."

"Wewe huelewi. Nimewadanganya watoto."

"Basi waambie uliikata, utubu, ukae chini. Ya nini kuwasomea msiba wa mtu?"

Hakusikia. Alitoa nakala ya kipande cha gazeti, akachukua kalamu nyeusi, akafuta jina, akafuta "duka letu la saa". Akajiona amekuwa mwangalifu. Hata hakuona kwamba alikuwa ameshika tena barua ileile, anaikatakata tena apendavyo yeye.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akakiri. Alisema barua waliyoisoma aliipunguza yeye, kwamba hiyo ni dhuluma kwa mwandishi, na kwamba leo watasoma yote, walinganishe ya mkasi na ya mwenyewe. Wanafunzi walimsikiliza kwa heshima, maana si kila siku mwalimu anajivua nguo. Kisha akauliza nani atasoma.

"Wakili!" walipiga kelele. "Wakili! Wakili!"

Hapo angeweza kusema hapana, leo asome mwingine. Neno moja tu. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na binti alikuwa ameshasimama, anatabasamu, mkono ameunyoosha kupokea karatasi. Bi Mizani akampa.

Alisoma vizuri kama kawaida yake, kwa mbwembwe. Kwenye aya ya pili alitikisa kichwa akasema, "Kumbe aliucheza! Nafuta kauli," wenzake wakacheka. Ya tatu akaisoma. Akaingia ya nne. Alipofika kwa yule mdogo wa mwandishi aliyepiga magoti, sauti ilipungua, kama ambavyo ya yeyote ingepungua. Akaendelea. "Mtoto wangu wa miaka minne alikaa mlangoni siku tisa akimsubiri baba yake mdogo amletee pipi za..."

Akanyamaza.

Duka lilikuwa limefutwa, jina limefutwa. Lakini nani angemfutia mtoto mlango aliokaa yeye mwenyewe siku tisa? Bi Mizani aliuona uso ule ukibadilika kidogo kidogo, na akajua kabla binti hajanyanyua macho.

"Alikuwa na homa," Wakili alisema taratibu, bila kumwambia mtu yeyote. "Baba alisema ilikuwa homa."

Akaiweka karatasi juu ya meza ya mwalimu, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakukimbia. Wenzake walimtazama mpaka akapotea nyuma ya jengo la maabara, kisha wakamgeukia mwalimu.

Jioni simu iliita. Fundi saa hakupandisha sauti. "Mwalimu, nilikuomba kitu kimoja tu," alisema, akakata simu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake Bi Mizani alikwenda mpaka kibandani kwake na kusimama upande wa pili wa barabara. Alimwona ameinamia kazi, kioo jichoni. Hakuvuka, akarudi.

Wakili alirudi darasani baada ya wiki moja. Aliamkia vizuri, alikaa mahali pake, alijibu alipoulizwa. Hata na mlinzi wa geti hakubishana tena. Bi Mizani alijipa moyo kwamba mtoto anapoa, na ili asionekane anamwonea huruma, alimtendea kama wengine.

Mwishoni mwa mwezi aliwapa kazi nyepesi. Barua ya mzee mmoja gazetini, aliyetaka uwanja wa mpira wa mtaani kwake ufungwe kwa sababu ya kelele. Aliichagua makusudi, maana ilikuwa ya kuchekesha, na moyoni alikuwa akimwombea binti acheke. Wakili yule wa zamani angemvisha yule mzee jezi na kumpanga golikipa.

Alichopata Bi Mizani kutoka kwake ni kurasa mbili safi. Wapo wanaoona mzee ana haki, sababu tatu. Wapo wanaoona hana, sababu tatu. Hakuna mzaha, hakuna kosa, hakuna sentensi hata moja ambayo ungesema hii ni yake. Ilikuwa na mizani kamili, kama alivyofundishwa. Bi Mizani aliisoma mara mbili, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Akairudisha.

Asubuhi iliyofuata aliikuta mezani kwake. Chini ya swali lake kulikuwa na mstari mmoja wa penseli: "Naogopa kusema, mwalimu. Huwezi kujua ni baba wa nani."

Aliusoma amesimama, kisha akakaa, akalia mbele ya walimu wenzake bila kujificha. Mwalimu wa hesabu alivuta kiti akamuuliza kuna nini. Akamsogezea karatasi.

"Nimemharibu mtoto wa watu," alisema.