Aliyekuwa Akipima Maji ya Chewele

Simu ya ofisi ya tahadhari za mafuriko ilitetemeka mezani saa tatu asubuhi, na kwa muda mfupi Qabale akasahau kwamba Mzee Komora alikuwa amekufa.

Ilitetemeka hivyo kila asubuhi kwa miaka mitano. Kule Chewele kina cha mto kingesomwa kwenye nguzo ya vipimo nyuma ya nyumba ya mzee, tableti ifunguliwe, nenosiri liandikwe. Halafu mfumo, ambao kompyuta zake ziko mbali hata mkuu wa ofisi hajui ni wapi, ungeuliza kwenye simu: Komora anaingia, ni wewe? Simu hiyo ilipaswa kukaa mfukoni mwa Komora. Lakini Komora alikuwa na mulika mwizi tu, kisimu cha tochi kisicho na intaneti, basi Qabale alisajili simu ya mezani pake hapa Garsen, akawa anamjibia yeye. Alijua ni kosa. Lakini alilipenda. Kubonyeza "Ndiyo" kulimpa raha ya kuitikia salamu, kisha namba za maji zingeingia na mawazo yake yangeelea nazo polepole, kupita Hola, kupita mashamba ya migomba, mpaka bondeni ambako kaka zake walichunga ng'ombe wakingoja ujumbe wa tahadhari.

Tangu mazishi, mwezi na nusu, simu ilikuwa kimya. Makao makuu yaliandika mara mbili: akaunti ya marehemu ifungwe. Kila mara alifungua ukurasa, akaliangalia lile jina, akauacha. Ujinga gani huo, mtu mzima kuogopa kitufe.

Sasa jina lilikuwa likibisha. Mwanga wa asubuhi ulikuwa wa rangi ya maziwa, feni ilizunguka bila haraka, na Qabale aliona kama mzee amesimama ng'ambo, maji magotini, akingoja aruhusiwe. Mvua zilikuwa zimenyesha milimani wiki nzima. Akikataa, namba haziji, na kaka zake watabaki bondeni bila habari. Akikubali, anampa mtu asiyemjua jina la maiti.

Akabonyeza "Hapana", kisha akapiga simu nyumbani kwa Komora.

"Ni mimi," akasema Mwanahamisi, mjane wa mzee. "Mbona umenifungia, mwanangu?"

"Mama, si uko eda? Umefikaje mtoni?"

"Sijatoka. Mto ndio umenifuata uani. Nguzo naisoma nikiwa mlangoni. Mita tano na nusu, na bado maji yanapanda. Waambie wenye ng'ombe wahame."

"Na nani alikufundisha kusoma nguzo?"

"Mzee aliingiwa na ukungu machoni, mwaka wa tatu huu. Hakutaka mjue. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka mtoni na kuandika kwenye tableti, yeye anakaa kibarazani akiniuliza yamefika wapi."

Qabale aliona haya, akaona na uchungu. Asubuhi zote hizo alikuwa akithibitisha kuwa ni Komora. Kwanza aliwapigia kaka zake wahamishe ng'ombe. Kisha akaifunga akaunti ya marehemu, safari hii bila kusita, akafungua mpya kwa jina la Mwanahamisi. Mfumo ukataka tarehe ya kuanza kazi. Akaandika ya miaka mitatu iliyopita. Mkuu akija kuuliza, atamjibu.