Mstari wa Pili

Bwana shamba Wenceslaus alilidunga gunia la mahindi kwa bambo la kuchotea sampuli, punje zikamwagikia kiganjani mwake, nyeupe kama meno ya mtoto.

"Taratibu, bwana shamba," Najiat alimtania kutoka jikoni, akimkorogea uji mwanawe Shamila. "Gunia si mgonjwa hata ulichome sindano hivyo."

Baba yake Najiat, mzee Sabiri, hakucheka. Arobaini ya mkewe Mwamvita ilikuwa haijatimia. Mama wa watu alikufa macho ya manjano kama binzari, tumbo limewambika kama ngoma. Mtaa mzima wa Ng'ambo ulinong'ona kuwa ni mkono wa mtu. Sabiri aliwalaumu wakubwa wa kilimo. Waliahidi maturubai ya kuanikia. Yalifika shambani kwake Igalula matanga ya Mwamvita yameshaanuliwa. Mahindi yalianikwa kwenye udongo mtupu, mvua ikayakuta, yakaota kuvu la kijani.

"Lakini haya nimeyachambua mwenyewe," alisema. "Punje kwa punje. Nikaosha maji matatu, nikaanika juu ya bati. Mjukuu wangu namlisha yaliyo safi tu. Mabovu niliwatupia kuku."

"Na kuku wako wapi, mzee wangu?"

Kuku walikufa wiki iliyopita, wote. Sabiri alidhani ni kideri.

Wenceslaus akasaga punje, akazikoroga na dawa kikopini, akachovya kijikaratasi chembamba. "Ikija mistari miwili, salama. Ukija mmoja, ni sumukuvu."

Mstari wa kwanza ukajichora. Sabiri aliusubiri wa pili, moyo ukimdunda kama mchi kinuni. Njoo basi. Njoo, wewe!

Haukuja.

"Kuvu huoshwa, mzee. Sumu yake haioshwi, wala motoni haifi."

"Mmejua lini hayo?"

"Tangu mwaka juzi. Kipimo ndiyo kwanza tumeletewa."

"Mwaka juzi! Mwamvita wangu alikuwa mzima, anatwanga!"

Jikoni kijiko kikakwangua bakuli.

"Najiat! Usimpe!"

"Ah, baba, si kamaliza?"

Sabiri alimpokonya mtoto, akatoka naye mbio hadi uani, akamvuta kope kwa kidole. Manjano. Au ni jua? Jua la asubuhi lilikuwa limepaka kila kitu manjano, ukuta, bati, hata kucha zake mwenyewe.

Akamkimbiza kivulini, akalivuta tena lile kope.