Zoezi la Wifi

Mshonaji mwenye maumivu ya mgongo na wifi yake mwenye goti bovu walikuwa wakienda pamoja kwa mtaalamu wa viungo. Mshonaji alilala chali akinyanyua kiuno mpaka jasho likamtoka. Wifi alikaa amenyoosha mguu, akikandamiza tu kwa goti taulo lililokunjwa chini yake.

"Wifi, wewe umekuja kupumzika!" mshonaji alimtania.

"Hebu jaribu," mtaalamu akamwambia. "Zoezi lako linaimarisha mgongo, lake linaimarisha paja ili libebe goti."

Akajaribu. Mara paja zima likaanza kumtetemeka, akaachia huku anahema.

"Nawe unalifanya na goti linauma?"

"Nitafanyaje, wifi? Nataka kupanda ngazi mwenyewe."

Utani ukamwishia mdomoni. "Kwa hili nakuvulia kofia," akasema, akampa mkono amwinue.