Taa Iliyovaa Koti la Ulaya

Matope ya Cimpunda hayaulizi cheo. Asubuhi ile yalimeza kiatu cha kushoto cha Profesa Marie-Louise, kiongozi wa jopo lililotumwa na serikali kutoka Kinshasa, na yakakataa kukitema. Mama wa watu akabaki amesimama kwa mguu mmoja katikati ya mteremko, watoto wa mtaa wakishangilia, na karani wake akivuta kile kiatu kama mtu anayeng'oa muhogo.

Aimée aliyaona yote hayo akiwa mlangoni pa materniti, nyumba ya kujifungulia, akafunika mdomo kwa viganja viwili. Hakujua acheke au alie. Wamefika! Wamefika kweli! Tangu alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi alikuwa akisikia habari za pesa za serikali za utafiti, kama watu wanavyosikia habari za tonton, mjomba tajiri aliyeko Kinshasa: kila ukoo unaye, hakuna aliyewahi kula mbuzi wake. Na leo tonton mwenyewe alikuwa anapanda mlima wa Cimpunda, hapa Bukavu, kiatu mkononi.

Walikuja kuona taa aliyoibuni. Kuna watoto wachanga wanaoshikwa na umanjano, macho na ngozi vikageuka rangi ya ndizi mbivu, na wasipotibiwa haraka ugonjwa hupanda hadi kwenye ubongo. Dawa yake ni mwanga wa buluu. Mwanga tu, jamani! Mtoto analazwa uchi chini yake, macho yamefunikwa kitambaa, basi. Lakini mashine za mwanga huo hutoka ng'ambo kwa bei ya kumtoa mtu roho, na mtoto wa Kalehe, kule kando ya ziwa, akizaliwa na umanjano hupakiwa kwenye boti kuletwa Bukavu, na wengine hufika wamechelewa. Taa ya Aimée ilikula betri ya pikipiki na haikuwa na kitu kisichopatikana hapa mjini. Jopo likisema ndiyo, fungu la serikali lingeiweka katika kila materniti ya njia nzima mpaka Kalehe. Likisema hapana, ingebaki hiyo hiyo moja, na boti zingeendelea kubeba vilio.

Mwanga wenyewe ulikuwa umepimwa na kupimwa tena, kamati ya chuo kikuu ikakubali, na Docta Priscille, daktari wa watoto wa materniti ile, alikuwa amepima damu ya kila mtoto aliyelala chini yake. Njano ilikuwa inashuka, na hilo halikuwa na ubishi. Kilichomkaa Aimée kooni kama mwiba wa samaki kilikuwa kingine, nacho kilikuwa koti.

Tuseme ukweli. Taa ilipozaliwa haikuwa na koti. Mwili wake uliundwa na Papa Jean-de-Dieu, fundi bati wa Kadutu, yule ambaye nusu ya mji hupikia juu ya majiko yake ya makaa, yale tunayoita babula. Aliunda taa kama alivyozoea kuunda: bati safi, miguu mitatu, na ubavuni matundu ya hewa aliyoyatoboa kwa msumari yakawa nyota, alama yake ya siku zote. Aimée akaileta materniti akiwa na furaha ya bibi harusi. Kumbe! Miongoni mwa wanawake waliokuja kliniki siku hiyo alikuwapo Maombi, muuza mihindi ya kuchoma wa pale kwenye kona, mimba yake ikiwa mbele kama ngoma. Maombi akaizunguka taa mara moja, akashika kiuno.

"Hii iko babula," akasema.

"Haiko babula, Maman. Iko taa ya batoto."

"Weye! Miye ninachoma mihindi kila siku ya Mungu, babula sitaijua? Mutoto wangu hatalala mule. Mutoto wangu haiko muhindi!"

Kliniki nzima ilicheka mpaka mkunga mmoja akaketi chini. Kufika jioni maneno yale yalikuwa yameshuka mpaka soko la Kadutu, na Jean-de-Dieu akapata jina jipya, Papa Mihindi. Hakuna mama hata mmoja aliyekubali. Aimée alilia siku hiyo, tena kilio cha hasira, maana alijua taa yake ni nzima na waliokataa hawakuwa wajinga. Walikuwa mama tu.

Ndipo Docta Priscille akakumbuka mashine nyeupe iliyolala stoo, msaada wa watu wa mbali, iliyoungua wiki ya kwanza na kugeuka nyumba ya mende. Wakatoa matumbo yake, wakaingiza taa ndani ya ganda lile, na maandishi yake ya kigeni yakabaki mbele. Mama waliporudi wakapangua foleni kuigombania. "Ah, hii sasa njo mashini!" Hakuna aliyewaambia uongo, ila hakuna aliyewaambia ukweli pia. Jean-de-Dieu peke yake ndiye aliyenuna. "Munafunika kazi yangu kama kidonda," alisema, na tangu siku hiyo hakuingia tena.

Leo alikuja, kwa shati lililopigwa pasi na nyundo yake kiunoni, lakini akabaki nje ukutani. Alisema hakuja kutazama koti.

Profesa alinawa mguu, akaingia. Alikuwa mzaliwa wa Kalehe aliyekaa Kinshasa mpaka Kiswahili chake kikaota Lingala. Chumbani mwanga wa buluu ulijaa mpaka darini, na chini yake alilala mtoto wa kiume wa Maombi. Naam, Maombi yule yule! Alikuwa amejifungua wiki hiyo, mtoto akageuka njano, naye akamleta mwenyewe kwenye mashini nyeupe bila kuuliza. Alikuwa ameketi kando, kitenge begani, hamwondolei mwanawe jicho.

"Tala! Tazama!" Profesa akanong'ona. "Uzuri gani huu!"

Moyo wa Aimée ukaruka. Akaanza kueleza mwanga, betri, damu iliyopimwa, maneno yakikanyagana. Profesa alikuwa anatabasamu, na Docta Priscille alikuwa anatabasamu, mpaka karani alipoinama akasoma maandishi ya mbele ya mashine, kisha akasimama wima na kumvuta Profesa mkono.

Tabasamu likazimika.

"Binti yangu," Profesa akasema polepole, "hii mashini ni ya kununua."

"Hapana, Maman Profesa!"

"Jina la kiwanda liko hapa. La ng'ambo. Fungu hili serikali imelitoa kwa vitu vinavyobuniwa hapa Congo. Tumepita miji mingapi tukionyeshwa vitu vya watu vilivyopakwa rangi? Nilidhani Bukavu mtanipa furaha." Akafunga mkoba wake. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Aimée akaona boti. Wallahi aliiona, ikitoka Kalehe na mama amekumbatia kitu kidogo ndani ya kitenge. Aibu yote ikamtoka mwilini.

"Ya kwetu iko ndani!" akapiga kelele. "Hilo ni koti! Maman Maombi, tafadhali, mubebe mutoto kwanza, mupe ziwa. Maman Profesa, muningoje! Musiende!"

Akachomoa bisibisi kwenye mkoba, akapiga magoti mbele ya serikali nzima. Skrubu ya kwanza ilikataa. Ya pili nayo ilikataa. Kutu ya miaka ilikuwa imefunga ndoa na lile ganda. Jasho likamwingia machoni, na karani alikuwa tayari amefika mlangoni.

"Papa Jean-de-Dieu!" Aimée akaita. "Papa, ingia! Utoe hili koti!"

Hakuitwa mara mbili. Aliingia kama mtu aliyengoja nyuma ya pazia zamu yake ya kucheza, nyundo mkononi, akamsogeza karani kwa bega, akapiga. Pa! Akapiga tena. Ganda jeupe likapasuka ubavu, likaanguka sakafuni kwa kishindo, mende wawili wakakimbia. Na hapo ikasimama taa yenyewe, bati tupu, miguu mitatu, ikiwaka buluu ile ile, na kupitia nyota ya ubavuni mwanga ukachora nyota nyingine juu ya ukuta.

Maombi akanyanyuka, mtoto akiwa bado ananyonya.

"Nyamuzinda! Mungu wangu!" akasema. "Ile nyota iko ya Papa Jean-de-Dieu. Iko hata kwa babula yangu!"

Profesa alirudi. Akaizunguka taa, akagusa bati kwa kidole kimoja, akakuta halina moto. Akamtazama Aimée. "Basi juu ya nini uliificha?"

Aimée akasema yote, kliniki, kicheko, ganda. Hakujitetea.

"Kwa hiyo mliwaficha mama hawa?"

"Tuliwaficha, Profesa. Niliogopa kukataliwa kuliko nilivyoogopa kuficha."

Profesa alipumua. "Taa yako ninaipenda. Nimezaliwa Kalehe, wadogo zangu wawili walikufa na macho ya njano. Lakini siwezi kuipa serikali taa ambayo mama wataikimbia. Sasa wanajua. Nani ataweka mtoto?"

Hakuna aliyegeuza shingo kwa makusudi, lakini macho yote yalimfikia Maombi. Aimée akamsogelea, akaketi chini karibu na miguu yake.

"Maman Maombi, nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Unisamehe. Ukikataa, una haki. Docta atakutafutia nafasi kwa hospitali kule Ibanda, leo leo, na hakuna atakayekusema."

Maombi alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akabonyeza ncha ya pua yake kwa kidole gumba, kama Docta Priscille alivyomfundisha, akaachia, akatazama rangi inayobaki. Akabonyeza paji la uso, halafu kifua. Nje jogoo wa mtu aliwika, na Jean-de-Dieu alikuwa ameishika nyundo yake kifuani kwa mikono miwili.

"Alikuja hapa njano," Maombi akasema mwishowe. "Njano mpaka unyayoni, kama muhindi." Akamwinua mtoto juu, watu wote wamwone. "Mumuangalie sasa! Hii babula imenirudishia mutu!"

Akamfunika mtoto macho kwa kitambaa, yeye mwenyewe, akamlaza chini ya bati tupu la Jean-de-Dieu, akavuta kiti chake karibu na kukaa kama malkia. Kisha akamnyooshea Aimée kidole. "Lakini weye, siku nyingine uniambie ukweli. Miye ninaogopa, siko mujinga."

Vigelegele vilivyotoka hapo! Wakunga walianza, wodi ya pili ikapokea bila kujua ni vya nini, na Docta Priscille, mtu mpole wa kusali misa ya kwanza kila siku, akamkumbatia karani wa serikali akamzungusha. Profesa Marie-Louise alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Fungu mtalipata," akasema. "Nitalisimamia mwenyewe. Ila kwa sharti moja: taa hizi zitatoka bila koti. Bati lionekane. Nyota ionekane. Na kila mama aambiwe nani ameitengeneza na wapi, kabla mtoto hajalazwa."

Jean-de-Dieu akaenda kusimama pale ukutani ilipoanguka nyota ya mwanga, akaiwekea kiganja.

"Na hili?" karani akauliza, akisukuma lile ganda jeupe kwa ncha ya kiatu. "Litupwe?"

"Eh! Mutupe nini?" Maombi akaruka. "Munipatie miye!"

Wakampa. Taa za kwanza zilipopakiwa kwenye boti ya Kalehe, bati lao likimeremeta na Aimée akiwa ameketi katikati ya taa hizo anacheka peke yake kama mlevi, Maombi alikuwa amesharudi kwenye kona yake, mtoto mnene mgongoni. Mbele yake ilikaa babula ya nyota, na kando lile sanduku jeupe lenye maandishi ya kigeni, limejaa mihindi iliyokingwa na mvua. Na sauti yake ilisikika mpaka chini kwenye matope:

"Mihindi ya Ulaya hii! Imechomwa Cimpunda!"